Ukurasa wa Mfugaji: Mbwa Anayekua Asipewe Chakula cha Wakubwa Mapema

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita tulizungumza juu ya banda la mbuzi. Mwezi huu tutazungumza juu ya mbwa na chakula chake.

Najua wengine watacheka. Watasema, "Bwana Mifugo amekosa la kuandika." Lakini muulize mkulima wa Handeni ni nani anayelinda mahindi yake. Nyani wakitoka porini asubuhi, anayewaona kwanza ni mbwa. Nguruwe wakija usiku, anayewasikia kwanza ni mbwa. Mahali pasipo na mbwa, mwenye shamba hukesha dunguni, na mchana mtoto wake huacha shule akafukuze nyani na ngedere. Ndiyo maana nasema mbwa ni mnyama wa kazi, kama ng'ombe wa kukokota jembe. Mnyama wa kazi hulishwa ili afanye kazi.

Wengi wetu katika wilaya za Handeni na Korogwe ni Waislamu. Mbwa haingii nyumbani mwetu. Lakini mbwa wa kulinda shamba na mifugo anaruhusiwa, na mashehe wetu wanalijua jambo hilo. Mpe mahali pake uani. Mpe na chombo chake mwenyewe, kisichanganywe na vyombo vya jikoni.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Mzee mmoja wa upande wa Kwamsisi aliniita nimwone mbwa wake. Mbwa alikuwa na miezi 7. Miguu ya mbele ilikuwa imepinda kama upinde. Alikuwa akikaa kila baada ya hatua chache, na ukimshika miguu alilia.

"Bwana Mifugo, nani amemroga huyu?" mzee akauliza.

"Anakula nini, mzee?"

"Chakula cha mbwa. Ugali na pumba."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoacha kunyonya."

Hakuna aliyemroga. Mbwa yule alihamishwa kutoka ziwa la mama yake akapelekwa moja kwa moja kwenye chakula cha mbwa mkubwa. Hapo katikati pana miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo ya kujenga mifupa.

KWA NINI MIGUU HUPINDA

Mifupa hujengwa kwa madini ya chokaa. Sisemi chokaa ya kupaka ukutani. Hiyo usimpe, itamchoma matumbo. Nasema chokaa iliyomo ndani ya chakula. Maziwa yanayo. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao wanayo nyingi. Unga wa mahindi una chokaa kidogo sana, na pumba ni hivyo hivyo. Hata nyama tupu isiyo na mfupa haina ya kutosha.

Mbwa mchanga akila ugali na pumba tu, mwili wake unakosa chokaa ya kumtosha. Basi unaichukua kutoka katika mifupa yenyewe. Mifupa inakuwa laini. Uzito unaongezeka kila wiki, na miguu laini haiwezi kuubeba. Ndipo inapopinda. Wakati mwingine huvunjika kwa kuruka shimo dogo tu.

Tena mbwa mchanga anahitaji chakula kingi kuliko tunavyodhani. Ukihesabu kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto wa mbwa wa miezi 2 anahitaji chakula karibu mara mbili ya mbwa mkubwa. Tumbo lake ni dogo, hawezi kula chote kwa mara moja. Ndiyo sababu anataka kula mara nyingi kwa siku, na chakula kizito chenye nguvu. Pumba hujaza tumbo lakini haijengi mwili. Utamwona tumbo limevimba kama ngoma, na mbavu zinahesabika.

HESABU MIEZI

Hapa kwetu watu hupima mbwa kwa macho. Akiwa mrefu wanasema amekua. Macho hudanganya. Hesabu miezi.

Tuseme mbwa amezaliwa mwezi wa 7, wakati wa kuvuna mahindi ya masika. Mvua za masika zikianza mwezi wa 3, ana miezi 8. Mahindi yakibeba mwezi wa 5, ana miezi 10. Kwa kumtazama ni mbwa mkubwa. Anabweka kama mkubwa. Mwenyewe anampeleka shambani, anampa kazi ya mkubwa na chakula cha mkubwa siku moja. Lakini mifupa yake haijamaliza kukua. Mbwa wetu wa kienyeji, ambaye akikua huwa na kilo 10 mpaka 20, humaliza kukua akiwa na miezi 10 mpaka 12. Mbwa wa mbegu kubwa za kigeni, kama wale wanaolinda maghala na mashamba makubwa ya mkonge huko Korogwe, huendelea kukua mpaka mwaka mmoja na nusu.

Kwa hiyo mbwa wa kienyeji asihamishiwe chakula cha wakubwa kabla ya miezi 10. Akifika mwaka mmoja awe amehama kabisa. Mbwa wa mbegu kubwa asubiri zaidi. Kwenda shambani aende mapema ajifunze, lakini afuatane na mbwa mzima. Nyani dume ana meno marefu, na mbwa wa miezi 8 hamwezi.

CHAKULA CHA MBWA MCHANGA

Mtoto wa mbwa huanza kulamba uji akiwa na wiki 3 au 4. Huku anaendelea kunyonya. Akifika wiki 8 anaweza kuachana na mama yake. Asitolewe kabla ya hapo, hata kama jirani ana haraka ya kumchukua.

Uji wake uwe mzito, wa unga wa dona. Tia dagaa ndani yake, uchemshe mpaka walainike. Dagaa wengine huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kukaushwa, basi waoshe kwanza. Ukiwa na kijiko cha mafuta ya kupikia, ongeza. Ukiwa na maziwa, maziwa mgando ni mazuri kuliko maziwa mabichi, maana mbwa aliyekwisha kuacha kunyonya mara nyingi huharisha akinywa maziwa mabichi mengi.

Mpaka afike miezi 3, mpe mara 4 kwa siku. Kutoka miezi 3 mpaka 6, mpe mara 3. Baada ya hapo mara 2, asubuhi na jioni. Maji safi yawepo wakati wote.

Akina mama wengi huniuliza hapa, na swali lao ni la haki: "Watoto wangu wenyewe hawali dagaa kila siku, leo nimpe mbwa?" Sisemi hivyo, mama. Watoto kwanza. Lakini tazama unachotupa. Unapochambua dagaa, vichwa na vipande vilivyovunjika unavimwaga jalalani. Usivimwage, hivyo ndivyo vya mbwa. Sokoni, chini ya gunia la dagaa, hubaki vumbi na vipande ambavyo hakuna anayevinunua. Muuzaji atakupa kwa bei ndogo, pengine bure. Kunde zilizotobolewa na wadudu, zikichaguliwa na kuchemshwa sana, zinajenga mwili. Damu ya mnyama siku ya kuchinja, ikichemshwa mpaka igande, inajenga mwili pia.

Na maganda ya mayai tunayatupa bure. Yachemshe, yaanike, uyatwange kinuni mpaka yawe unga laini. Nusu kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mbwa mchanga asiyepata dagaa wala maziwa. Usizidishe. Wengine wanaogopa kwamba mbwa akionja ganda atajifunza kuiba mayai. Ganda lililosagwa ndani ya uji halimfundishi kitu. Kinachomfundisha kuiba mayai ni njaa.

Kati ya miezi 4 na 7 mbwa hubadilisha meno. Meno 28 ya utoto hung'oka, na meno 42 ya ukubwa huota. Wakati huo ufizi unamuuma na pengine anakula kidogo. Usidhani amekinai uji ukakimbilia kumpa ugali mgumu. Mlainishie chakula mpaka meno yatimie.

KUMHAMISHA

Miezi 10 imefika. Sasa tumhamishe, lakini polepole. Tumboni mwa mbwa mna vijidudu vidogo sana vinavyosaidia kusaga chakula. Vijidudu hivyo vimezoea chakula cha zamani. Ukibadilisha ghafla, mbwa anaharisha na kudhoofu. Ndipo watu husema chakula hiki hakimpatani. Kingempata kama angezoeshwa.

Chukua kifuu cha nazi kiwe kipimo chako. Siku 3 za kwanza, changanya vifuu 3 vya chakula cha zamani na kifuu 1 cha chakula kipya. Siku 3 zinazofuata, vifuu 2 vya zamani na 2 vya kipya. Siku 3 nyingine, kifuu 1 cha zamani na 3 vya kipya. Siku ya 10 apewe chakula kipya peke yake. Akiharisha katikati ya safari, rudi kwenye kipimo cha nyuma, ukae hapo siku 3 au 4, kisha uendelee. Akiharisha damu, usingoje. Nenda kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Chakula kipya ni nini? Ni ugali wa dona uliopikwa ukaiva, pamoja na mboga ya kujenga mwili. Mbwa mkubwa wa kilo 15 anayefanya kazi anatosheka na unga wa robo kilo kwa siku, na konzi moja ya dagaa au kunde zilizochemshwa. Ukoko wa sufuria ni wake pia, ukiwa haukuungua. Mbwa mkubwa naye haishi kwa ugali mtupu. Tofauti yake na mdogo ni kwamba dagaa wanapungua, maziwa na maganda ya mayai yanakoma, na unga unakuwa ndio chakula kikubwa.

Wengine husema mbwa ni mla nyama, ugali haumfai. Si kweli. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walieleza kwamba mbwa wa nyumbani, kwa kuishi na binadamu maelfu ya miaka, amepata uwezo wa kusaga vyakula vya unga kuliko mbwa mwitu wa Ulaya, ambaye ni wa ukoo wake. Mbwa wetu wamekula ugali pamoja nasi siku nyingi. Uwe umeiva tu.

Mjini watu hununua chakula cha mbwa cha mifuko. Mfuko mmoja umeandikwa ni wa watoto, mwingine wa wakubwa. Jambo ni lile lile tunalolisema hapa. Wa watoto una chokaa na vya kujenga mwili kwa wingi zaidi. Mwenye uwezo anunue. Asiye na uwezo ana uji wa dagaa, na hajapungukiwa.

Jike ana sheria yake. Mimba ya mbwa ni wiki 9. Katika wiki 3 za mwisho, na wakati wote wa kunyonyesha, mrudishe kwenye uji wa dagaa wa mbwa mchanga, mpaka watoto waache. Jike anayenyonyesha watoto 6 kwa pumba atabaki mifupa, na watoto watadumaa kabla hata hujawagawa.

Mbwa aliyenenepa kupita kiasi simwoni sana vijijini. Namwona buchani. Yule analala tu, mwizi anampita. Kumjua mbwa mwenye afya ni rahisi: pitisha kiganja ubavuni. Ukizigusa mbavu bila kukandamiza, lakini huzihesabu zote kwa macho, yuko sawa.

MAHINDI YALIYOOTA UKUNGU

Hapa naomba msomaji asome polepole.

Baada ya kuvuna tunachagua mahindi. Mazuri yanakwenda ghalani. Yaliyooza na kuota ukungu tunasema, "Haya ya mbwa na kuku." Usifanye hivyo. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Sumu hiyo huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaua upesi. Mbwa aliyeila huacha kula, hutapika, macho na ufizi huwa vya manjano, kisha hufa.

Mwaka 1981, huko Machakos nchini Kenya, watu 20 walilazwa hospitali kwa kula mahindi ya namna hiyo. Watu 12 walikufa. Mbwa wa huko nao walikufa. Hapa kwetu, mwaka 2016, sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mbwa akifa ghafla baada ya kula mahindi ya ghala lako, usimzike ukasahau. Litazame ghala lako, maana ninyi pia mnakula humo humo. Mwite mtaalamu kabla hamjapika tena.

Na mahindi yaliyooza yachomwe moto au yafukiwe. Kuku wasipewe, wala ng'ombe.

VICHWA VYA MBUZI NA MIFUPA

Mbwa akishahamia chakula cha wakubwa, watu humtupia kila kitu cha machinjoni kikiwa kibichi. Mapafu na maini yenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa. Kichwa cha mbuzi aliyekufa kwa kizunguzungu hutupiwa mbwa. Kizunguzungu hiki ndugu zetu Wamaasai wanakiita ormilo. Mara nyingi chanzo chake ni minyoo. Mbwa anakula ubongo wenye lengelenge, minyoo inakua tumboni mwake, mayai ya minyoo yanatoka na kinyesi, yanaanguka malishoni. Mbuzi anakula majani hayo, na lengelenge linaota ubongoni mwake. Mbuzi anazunguka mahali pamoja mpaka anakufa. Kichwa chake kinatupiwa mbwa tena. Mduara huo unakatwa na sufuria. Chemsha kwa muda mrefu, au fukia shimo refu mbwa asifukue. Malengelenge ya mapafu na maini usimpe kabisa, maana minyoo yake inaweza kumwingia hata binadamu.

Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Inapasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Vitunguu navyo usimpe, huharibu damu yake.

Dawa ya minyoo apewe akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8. Kisha kila mwezi mpaka miezi 6, na baada ya hapo kila miezi 3. Dawa hupimwa kwa uzito, basi usikisie. Minyoo ya mbwa mchanga huwapata watoto wetu wanaocheza mchangani na inaweza kuwaharibu macho. Kinyesi chake kizolewe kifukiwe.

ANDIKA

Mliosoma kisomo mna kazi hapa. Chukua daftari. Andika siku mbwa aliyozaliwa. Kila mwisho wa mwezi mtie ndani ya kikapu umpime kwenye mizani ya kununulia mahindi, ukitoa uzito wa kikapu. Andika kilo zake. Katika miezi 6 ya kwanza kila mwezi lazima kilo ziongezeke. Zikisimama mwezi mzima, ama chakula hakitoshi ama ana minyoo. Andika pia siku za dawa ya minyoo.

Akifikisha miezi 3 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na airudie kila mwaka. Mbwa mwenye njaa huzurura vijiji vya mbali kutafuta makombo, na huko ndiko anakoumwa na mbwa wenye kichaa. Uliza ofisi ya kata siku ya chanjo. Siku hiyo mlete akiwa amefungwa kamba, pamoja na daftari lake.